Nilivyoanza Kukusanya Fonografu na Silinda za Nta

Uzi mweusi, mwembamba kuliko unywele, ulianza kujikusanya mbele ya sindano yapata nusu dakika baada ya wimbo kuanza. Nilidhani ni vumbi la miaka mia moja linalotoka, nikafurahi kwamba silinda inajisafisha yenyewe huku inaimba. Wimbo ulipokwisha niliuokota ule uzi kwa ncha ya kidole, ukasagika na kuniachia doa kama la masizi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nikiondoa vumbi. Nilikuwa nikiuchonga wimbo wenyewe. Silinda ile, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1912, ilinusurika vita viwili vya dunia, kuhamahama kwa wenyewe na joto la darini, ikaja kufia mezani kwangu mjini Columbus, Ohio, kwa muda wa dakika nne tu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu jamaa kadhaa, wengine wakiwa nyumbani Tanga na wengine huku huku Marekani, wameniuliza mtu aanzeje kukusanya fonografu za kale, yaani mashine za kupigia nyimbo zilizorekodiwa kwenye silinda, na karibu wote huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Jibu langu huwa kwamba mashine ije baadaye. Kwanza jifunze kuitambua silinda uliyoishika mkononi, ujue imetengenezwa kwa kitu gani, mifuo yake, yaani mifereji myembamba iliyobeba sauti, imebanana kiasi gani na inadai sindano ipi, kwa kuwa mashine mbovu hupata fundi ilhali silinda iliyokwanguliwa ndiyo basi tena.

Mimi nimekulia katika nyumba yenye milio ya mashine ndogo ndogo. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa saa na cherehani, na nyuma ya meza yake palikuwa na gramafoni ya babu iliyokwisha kufa, ambayo sisi watoto tuliikaza springi kwa hendeli ili tuisikie tu inavyonguruma. Kwa hiyo santuri nilizijua tangu utotoni, lakini santuri nilizozijua ni sahani bapa. Silinda sikuwahi kuiona, na sababu yake ni ya kihistoria: Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, walirekodiwa kwenye sahani, na mwaka uliofuata, Oktoba 1929, Edison alikuwa anafunga kabisa biashara yake ya silinda. Anayetafuta taarabu ya kale na atafute sahani. Silinda ni za zama zilizotangulia, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani na Ulaya.

Mwanzo wake ni mwaka 1877, pale Thomas Edison, mzaliwa wa Milan, mji mdogo wa hapa hapa Ohio, alipobuni chombo cha kuchora sauti juu ya karatasi ya bati iliyozungushiwa ngoma ya chuma. Bati lile lilichakaa baada ya kusikilizwa mara chache tu, na Edison mwenyewe akaliweka kando akashughulika na taa za umeme. Waliokiendeleza chombo ni watu wa maabara ya Alexander Graham Bell mjini Washington, ambao mwaka 1886 walipata hataza ya kuchonga sauti kwenye nta. Edison akarudi mbio mwaka 1888 na mashine yake iliyoboreshwa, naye mvumbuzi mwingine, Emile Berliner, tayari alikuwa ameanza na sahani. Kuanzia hapo ni vita vya biashara, ambavyo silinda ilivipigana kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kushindwa.

Ninasema nta kwa mazoea, ingawa silinda nyingi ambazo mkusanyaji atakutana nazo kwa hakika ni aina ya sabuni ngumu iliyopikwa kwa madini. Jambo hili si la udadisi mtupu, maana ndilo linaloeleza kwa nini zinapasuka kama sabuni kavu na kwa nini ukungu unazipenda mno.

Mashine yangu ya kwanza niliipata kwenye mauzo ya vyombo vya marehemu. Huku ni desturi mtu akifariki familia kufungua milango, wageni wakaingia hadi chumbani, wakapekua makabati na kutoka na sufuria, makoti na picha za arusi zenye vibandiko vya bei. Nilichukua miaka kuizoea desturi hiyo, na hata sasa huingia nikiwa nimevua kofia. Siku hiyo, chini ya ngazi ya kushukia ghala la chini ya nyumba, palikuwa na kisanduku cha mwaloni chenye kifuniko kilichopinda kama mgongo, na pembeni yake sanduku la viatu lililojaa makopo ya kadibodi yenye picha ya Edison. Ilikuwa fonografu ya Edison aina ya Standard, ambayo ilipotoka mwaka 1898 iliuzwa dola 20. Nililipa dola 350 pamoja na silinda ishirini na saba. Nilipompigia mama simu nikamweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, wenzio wanatuma simiti, wewe wanunua vikopo vya sabuni?"

Usiku huo huo nilichagua silinda nzuri kuliko zote kwa kuitazama, ya buluu iliyokoza na inayong'aa, nikaivisha kwenye ngoma, nikakaza springi na kuteremsha sindano. Kilichotoka kilikuwa vipande vya sauti, neno hapa, tarumbeta kule, mtu akiruka kutoka ubeti hadi ubeti kama mlevi. Nilihisi springi imelegea, nikafungua mashine, nikatia mafuta ya cherehani kila penye kuzunguka, nikarudia, na mlevi akawa yule yule. Kosa halikuwa la mashine. Mashine ile ilikuwa ya silinda za dakika mbili, nami nilikuwa nimeiwekea silinda ya dakika nne.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima, hivyo naomba msomaji anivumilie. Silinda ya kawaida ina urefu wa inchi nne na robo, yaani takriban sentimita 11, na upana wa zaidi kidogo ya inchi mbili. Sauti imechongwa kwa mfuo mmoja unaojiviringa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani ya mfuo huo sindano haiyumbi kushoto na kulia kama kwenye santuri nyingi za sahani. Inapanda na kushuka, kama gari kwenye barabara ya Lushoto. Silinda za zamani zina mifuo 100 katika kila inchi, na zikizunguka mara 160 kwa dakika hutoa wimbo wa dakika mbili. Mwaka 1908 Edison aliibana mifuo ikawa 200 kwa inchi, akaziita silinda hizo Amberol, na wimbo ukafika dakika nne. Sasa, mkono unaobeba sindano hausukumwi na mfuo. Unasukumwa na skrubu ndefu iliyo ndani ya mashine, yenye mwendo wake maalumu. Ukiweka silinda ya mifuo 200 kwenye mashine ya mifuo 100, skrubu inaivuta sindano mara mbili ya haraka inayotakiwa, nayo inaruka mifuo njia nzima. Zaidi ya hayo, sindano ya dakika mbili ni nene, haiingii kwenye mfuo mwembamba, bali hutembea juu ya kingo zake na kuzisaga.

Kuna mashine zilizotoka kiwandani au zilizoongezewa baadaye gia ya kubadilisha mwendo, kwa kawaida kwa kusukuma au kuvuta kitufe, na kama ningekuwa ninaanza leo ningesubiri mpaka nipate mojawapo ya hizo. Fonografu ya Fireside, iliyotoka mwaka 1909, ni mfano mzuri. Lakini hata gia ikiwa sahihi, bado kuna kichwa chenye sindano, ambacho wakusanyaji wote hukiita riprodusa, na humu ndimo wageni wengi wanamoangamiza mali. Edison alitengeneza vichwa vingi na kuvipa herufi. C ni ya dakika mbili, yenye kito cha yakuti samawi. H ni ya dakika nne, ya yakuti vilevile lakini nyembamba. K ina sindano zote mbili, unageuza upande unaoutaka. Kisha ziko zile za almasi, ambazo ni nzito, na zilitengenezwa kwa ajili ya silinda za buluu peke yake.

Silinda za buluu, kwa jina la biashara Blue Amberol, zilitoka mwaka 1912. Ngozi yake ni seluloidi, ile plastiki ya kale, na moyo wake ni plasta nyeupe. Seluloidi ni ngumu, inaistahimili almasi hata ikipigwa mara mamia bila kulalamika, na ndiyo maana ninamshauri kila mgeni aanze na hizo: hazipasuki ovyo, ukungu hauzili, zipo nyingi, na bei yake si ya kutisha. Zina udhaifu mmoja, nao ni kwamba plasta ikinyonya unyevu huvimba na tundu hubana, silinda ikakwama nusu njia kwenye ngoma. Hapo kamwe usiilazimishe. Itoe, kisha ukwangue plasta ya ndani kidogo kidogo kwa msasa laini ulioviringishwa kwenye mti, ukijaribu kila mara, mpaka ikae bila kusukumwa kwa nguvu. Ukumbuke pia kwamba tundu la silinda lina upande mpana na upande mwembamba, na upande mpana ndio unaotangulia. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini niliwahi kumwona muuzaji mzima akiipigapiga kwa kiganja silinda aliyoivisha kinyume.

Kwa wenye sikio la kuchagua, kuna siri ndani ya hizo za buluu. Zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1915 zilirekodiwa moja kwa moja, mwimbaji akiimba mbele ya pembe ya mashine inayokusanya sauti. Desemba 1914 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Edison huko West Orange, New Jersey, na kuanzia mwaka uliofuata silinda za buluu zikawa nakala za sahani zake, zilizonakiliwa kwa kuipigisha sahani mbele ya mashine ya kurekodi. Tofauti unaisikia bila kuambiwa: zile za baadaye zina sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Mimi nikiwa na dola kumi mfukoni hununua moja ya mapema badala ya tatu za baadaye, ingawa najua wapo wasioona maana ya hilo.

Sasa nirudi kwenye ule uzi mweusi. Baada ya aibu ya silinda ya buluu nilinunua mashine ya pili, Amberola 30, ambayo haina pembe ya nje. Pembe yake imefichwa ndani ya kisanduku, na imefungwa riprodusa ya almasi. Ilikuwa nzuri, ilikuwa nyepesi kutumia, nami nikawa nimekariri kwamba mashine hii ni ya dakika nne. Basi nikatoa silinda nyeusi ambayo ukingo wake umechongwa "4M", nikajiambia dakika nne kwa dakika nne, nikateremsha almasi. Nilisahau kwamba kati ya mwaka 1908 na 1912, kabla ya seluloidi ya buluu, Amberol zilikuwa za nta nyeusi. Idadi ya mifuo ni ile ile, mwendo ni ule ule, wimbo unatoka vizuri kabisa, na almasi inaukwangua huku unausikiliza. Ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza sauti huwa nzuri, hivyo hakuna kinachokuonya.

Tangu siku hiyo sitii silinda yoyote kwenye mashine kabla ya kuikagua kwenye mwanga wa dirisha. Ya kahawia, iwe rangi ya asali au ya chokoleti, ni ya miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ni laini kuliko zote na karibu daima haina jina mwilini, ila karatasi ndani ya kopo, ambayo mara nyingi si yake. Nyeusi ya nta ni nzito, ina ubaridi fulani mkononi, na ukiitazama kwa pembeni mifuo ya dakika mbili huonekana kwa macho ya kawaida, ilhali ya dakika nne hung'aa kama hariri. Nyeusi iliyo nyepesi isivyotarajiwa, yenye kadibodi ndani na pete za chuma kwenye ncha zake, ni ya seluloidi kutoka kampuni ya Indestructible ya Albany, New York, na hiyo inataka tahadhari ya namna nyingine, kwa kuwa kuna za dakika mbili na za dakika nne. Ukiona ya waridi, keti chini kwanza: kampuni ya Lambert ya Chicago ilianza kutengeneza za seluloidi mwaka 1900, na zile za rangi hutafutwa sana.

Jina la silinda nyeusi za dakika mbili, Gold Moulded, huwapumbaza wengi wakadhani zina dhahabu. Dhahabu ilikuwa kiwandani. Silinda mama ilipakwa utando mwembamba mno wa dhahabu iliyogeuzwa mvuke, ikavikwa shaba juu yake, na hiyo shaba ikawa kalibu ya kumiminia nta. Nta ikipoa husinyaa kidogo, na kusinyaa huko ndiko kulikoiwezesha kutoka bila kukwaruza mifuo. Njia hiyo ilifika sokoni mwaka 1902, na ilibadilisha maisha ya waimbaji kuliko tunavyodhani. Kabla yake, George W. Johnson, mtu mweusi aliyezaliwa Virginia zama za utumwa na ambaye karibu mwaka 1890 alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa kupata umaarufu kwa rekodi, ilimlazimu kuimba wimbo ule ule wa kicheko tena na tena kutwa nzima, mashine kadhaa zikiwa zimepangwa mbele yake, kwa sababu kila duru ya kuimba ilizaa silinda chache tu. Nikisikia kicheko chake siwezi kuacha kujiuliza ni cha mara ya ngapi siku hiyo.

Na kwa kuwa nimemtaja, nisiwafiche wasomaji wangu jambo ambalo wakusanyaji wengi hulipita kimya kimya. Katalogi za silinda za miaka ile zimejaa nyimbo za kuwadhihaki watu weusi, tena zikiimbwa na waimbaji maarufu kwa lafudhi ya kuigiza, na ukinunua sanduku la mchanganyiko utazikuta tu. Nilizipata nne katika zile ishirini na saba. Sizipigi wageni wakiwepo na sizivunji. Nimeziwekea alama na kuzitenga, kwa sababu ni ushahidi, na mimi si mtu wa kuufuta ushahidi wa waliotutukana.

Kuhusu kununua mashine yenyewe nitasema kwa ufupi. Kwanza uliza kama ina riprodusa, na uione, maana muuzaji anaposema "haina kitu kidogo tu" mara nyingi kitu hicho ndicho theluthi ya thamani. Kaza hendeli taratibu: springi ikirukaruka na kugonga, huenda ni grisi iliyokauka, huenda ni ufa, na vyote viwili vinatengenezeka, ila usiifungue mota wakati springi imekazwa, kwani itakukata vidole. Tazama mkanda wa ngozi, tazama kama meno ya skrubu ndefu hayajalika, na soma kibati chenye namba. Gasketi za mpira ndani ya riprodusa lazima zimegeuka mawe. Kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja na ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote kwenye sauti. Mwendo upime kwa kubandika kipande cha karatasi kwenye ngoma na kuhesabu mizunguko 160 kwa dakika moja. Kuhesabu kukikushinda, pima kwa rula: kwenye mashine ya dakika mbili mkono unaobeba riprodusa unatakiwa kusogea inchi 1.6, kama sentimita nne, kila dakika. Nazo zile gramafoni zenye pembe ya shaba inayometameta na picha ya mbwa, zinazouzwa kwa watalii, nyingi ni za kuungaunga zilizotengenezwa India miaka ya karibuni. Ni pambo la sebuleni, basi.

Namna ya kuishika silinda ndiyo wageni wanayonicheka. Huushiki mwili wake. Unaingiza vidole viwili ndani ya tundu, unavitanua polepole mpaka ikushike yenyewe, na unaibeba hivyo kama mtu aliyevaa pete kubwa. Mafuta ya ngozi hulisha ukungu, na joto la mkono kwenye nta baridi huweza kuipasua. Hilo la mwisho sikuliamini mpaka asubuhi moja ya Januari, nilipotoa silinda ya kahawia kwenye chumba kisicho na hita, nikaikumbatia kwa kiganja kizima, nayo ikalia "ta!" kama yai linalogongwa ukingo wa bakuli. Ufa ulikwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Siku hizi silinda nikiitoa baridini huiacha mezani hadi ilingane na chumba, na zote huzihifadhi zikiwa zimesimama wima, mahali pakavu. Ukungu ukishaingia, huonekana kama unga mweupe, na ulipokaa huwa umeshaila sauti; unaweza kupangusa kwa brashi laini kavu ili usiendelee, ila kilicholiwa ndicho hicho, kitakuwa mvumo wa mvua milele.

Swali ambalo huulizwa na watu wa kwetu ni kama kuna silinda zenye sauti zetu. Zipo, ila hazikuwa za biashara. Fonografu ya silinda ilikuwa na uwezo ambao gramafoni haikuwa nao: mashine ile ile iliyopiga ingeweza kurekodi, kwa kubadilisha kichwa tu, na nta iliyotumika ingeweza kukwanguliwa ikatumika upya. Kwa hiyo wataalamu walibeba fonografu safarini. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka nyanda za kusini mwa Tanzania ya leo, Lindi, Masasi hadi Newala, akiwa na mashine kama hiyo akiwarekodi watu wakiimba, wakati vumbi la Vita vya Majimaji halijatulia. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi uliotokana na silinda. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ina maelfu ya silinda za namna hiyo kutoka pande zote za dunia, na mwaka 1999 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Hizo hazinunuliki, na ni vyema zisinunulike. Ila ukizisikiliza utajua kwa nini mtu hujisumbua na vikopo vya sabuni.

Asiye na mashine wala fedha ana pa kuanzia pia. Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, kimeweka mtandaoni maelfu ya silinda zilizonakiliwa kwa uangalifu, bure kabisa, na mimi ningemwambia kila mtu asikilize huko miezi miwili kabla hajatoa dola hata moja, ajue kama anapenda bendi, vichekesho, nyimbo za kanisani au banjo. Kwa hapa Marekani, tangu Januari 2022 rekodi zote zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 ni mali ya umma, hivyo hata ukinakili zako unaweza kuzigawa bila hofu.

Katika zile ishirini na saba palikuwa na moja ya kahawia isiyo na karatasi wala jina, ambayo sikuthubutu kuipiga. Silinda ya namna hiyo yaweza kuwa ya dukani, yaweza pia kuwa mtu fulani alijirekodi nyumbani kwake, na kila mara unapoipitisha sindano ya kale unaipunguza. Nikaipeleka kwa mtaalamu wa kunakili, ambaye anayo mashine ya umeme iliyobuniwa Ufaransa na Henri Chamoux mwaka 1998, yenye mkono mwepesi kama wa santuri za kisasa. Akanitumia faili. Ndani yake mtoto anahesabu moja hadi kumi kwa Kiingereza, anacheka, na nyuma yake saa inagonga mara nne. Nilisikiliza wiki nzima. Kisha nikaituma Tanga.

Baba mdogo ana miaka themanini na mmoja, na masikio yake hayajazeeka. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijauliza lolote akasema, "Mwanangu, hiyo ni saa ya ukutani, ya mizani. Haigongi haraka hivyo. Mwambie huyo fundi wako apunguze mwendo."

Silinda za kahawia hazikuwa na mwendo mmoja. Nyingi zilirekodiwa chini ya mizunguko 160. Mtaalamu alishusha hadi 120, saa ikatulia katika mapigo yake, na yule mtoto niliyemsikiliza wiki nzima akawa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti nzito kidogo, anayehesabu bila haraka yoyote.